Farasi wa Mkate Apata Kituo Kipya

Jumatatu, 6 Mei

Wageni walioingia bustani ya farasi leo: mia mbili na kumi. Waliofika chumba changu cha makumbusho: wanne. Wawili walikuwa wanatafuta choo. Meneja kapita mchana, kasema chumba kisipopata watu kufikia Jumamosi kitageuzwa duka la aiskrimu, na mimi nitahamia kuzoa samadi. Kasema kwa upole. Hapo ndipo nilipoogopa.

Wageni hawajui wanachokosa. Nina lijamu, vile vyuma vya mdomoni mwa farasi, za aina kumi na tisa. Nina Sultani, farasi halisi ndani ya ngozi yake mwenyewe, aliyejazwa nyasi kavu. Wakiniuliza alikufa lini, najibu kwamba anapumzika.

Wote wanakimbilia gari la farasi la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Anapita mlangoni pangu mara ishirini kwa siku. Hasimami. Hunipungia kofia tu.

Jumanne, 7 Mei

Nimefanya uchunguzi. Mkata tiketi kanisimulia kuwa yule farasi jike mweusi wa shemeji alivuta gari la mkate miaka tisa kabla ya kuletwa hapa. Alisimama mwenyewe kwa kila mteja, hata mwendeshaji akisinzia. Nikauliza farasi alijuaje pa kusimama. Eti kila mlango ulikuwa na mtu wa kumtia kitu mdomoni.

Nimewaza mchana kutwa. Kipaji kama hicho, na kinazungushwa tu kwenye maua.

Jumatano, 8 Mei

Nimesimama mlangoni na konzi ya pumba zilizochanganywa na molasi. Kila mzunguko, konzi moja. Shemeji kaniambia kumbe una moyo, shemeji, nilidhani unapenda farasi wakishakufa tu. Nimecheka naye. Mzunguko wa kumi, farasi alianza kupunguza mwendo tangu kwenye bomba la maji.

Alhamisi, 9 Mei

Kasimama mwenyewe mara kumi na nne. Shemeji kavuta hatamu, kabembeleza, kaimba. Wapi. Abiria walichoka kungoja, wakashuka, wakaingia kwangu. Watu sitini na watatu! Bibi mmoja kauliza kama farasi huisikia ladha ya chuma cha lijamu. Tumebishana nusu saa. Baada ya kufunga nimelamba moja. Ina ladha ya ufunguo.

Shemeji kaniuliza farasi wake kapendea nini hapa. Nimemwambia labda ni elimu.

Ijumaa, 10 Mei

Meneja katabasamu. Kesho anamleta mwenyekiti wa bodi, tena kwa gari la shemeji. Nimepiga hesabu: ikiwa konzi moja inamsimamisha farasi dakika tano, ndoo nzima itafanya nini? Nitaiweka ndani, hatua mbili kutoka kizingitini, ili aingize kichwa. Itakuwa picha nzuri.

Jumamosi, 11 Mei

Kaingiza kichwa. Halafu mabega. Halafu farasi mzima, mpaka gari likakwama mlangoni na mwenyekiti juu yake. Kamaliza ndoo, kainua macho, kamwona Sultani. Kamnusa kwa heshima. Kisha kampasua tumbo na kuanza kula nyasi.

Shemeji alikuwa anapiga kelele rudi nyuma, mama, rudi nyuma. Mimi sikuweza kutoka, wala mtu hakuweza kuingia. Watu walijaa madirishani, wamebeba watoto mabegani. Sijawahi kupata umati kama ule. Na mimi mwenyewe nilitaka kujua kama nyasi za miaka thelathini bado zina utamu. Inaonekana zinao.

Mwenyekiti, bila kushuka, kauliza kama haya hutokea kila siku. Meneja kajibu hapana. Mimi, wakati uleule, nilijibu kwamba yanaweza kupangwa.

Jumatatu, 13 Mei

Friji ya aiskrimu imefika asubuhi. Mimi niko kwenye samadi. Shemeji kaniazima viatu vya mpira, kaniomba nisifikirie chochote kwa wiki moja. Nimemwahidi.

Jana nilitafakari sana kosa langu. Nimeliona: ndoo ilikuwa mbali mno na mlango.

Jambo moja tu. Lundo la samadi linafuka moshi asubuhi, na wageni wanaziba pua lakini wanasimama kutazama. Nimetia mkono hadi kiwiko. Moto kweli. Yai linaweza kuiva humo, sijui kwa dakika ngapi. Nimeomba mayai sita jikoni bila kusema ya nini, na kibao nimeshaandika. Meneja anakuja kukagua kesho saa nne. Yai la kwanza ataonja shemeji mbele yake. Bado hajaambiwa.