Mashimo Kumi na Tisa Yasiyo na Kibali

Ofisi ya Ukingo wa Mto ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la ndege wavamizi limepatiwa ufumbuzi. Mimi, Afisa Mwandamizi wa Makazi Holela, nilikuwemo kikaoni, na chai ilikuwa nzuri.

Mvamizi ni mdiria, ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mrefu kupita adabu. Huchimba shimo kwenye ukingo, hutaga humo mayai yake, na hushinda akivua samaki bila leseni. Tulihesabu mashimo kumi na tisa. Hakuna hata moja lililokuwa na ramani.

Mkurugenzi alitoa agizo: kila jengo lililo ndani ya hatua hamsini kutoka majini, na lisilo na kibali, lipigwe alama ya X nyekundu na livunjwe Ijumaa ya wiki inayofuata. Alikwisha kumwahidi Waziri ubomoaji, na Waziri alikuwa anakuja na kamera.

"Na vifaranga je?" aliuliza mama anayepima kina cha maji. Miaka kumi na minne anashuka mtoni kila asubuhi na rula yake, na ndege wale anawajua kama wanawe.

"Mama, agizo halina kifaranga."

"Basi wapewe muda waombe kibali, bosi. Kama watu wengine."

Tuliangua kicheko. Mkurugenzi alijifuta machozi. "Haya, wana mpaka Jumatano. Waje wajaze fomu!"

Nikaliandika hilo kwenye muhtasari. Bosi akisema, hata akitania, amesema.

Mama alijaza fomu kumi na tisa. Mwombaji: Mdiria. Kazi: uvuvi. Vifaa vya ujenzi: mdomo. Akazichomeka katikati ya rundo la kusainiwa. Mkurugenzi husaini Jumatano, simu ikiwa sikioni, wala hasomi; kusoma ni kazi ya walio chini yake. Nasi tulio chini hatusomi kilichokwisha kusainiwa. Niligonga mihuri yote kumi na tisa.

Ijumaa akafika Waziri, zikafika kamera, likafika tingatinga. Mpaka rangi alishuka ukingoni na kopo lake, Mama nyuma yake na bahasha. Shimo la kwanza, kibali. La pili, kibali. Akapanda tena, kopo bado limejaa.

"Sasa tunavunja nini?" Waziri aliuliza, akitazama saa.

"Kuna ile pale, mheshimiwa." Mpaka rangi alinyoosha brashi kwenye nyumba nyeupe yenye baraza juu ya maji. Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu mwenyewe, kwa utii.

"Ya nani?"

Sote tulikwisha kunywa soda kwenye baraza lile siku Mkurugenzi alipohamia. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake, maana kuidai ni kukiri mbele ya kamera.

"Kama haina mwenyewe, vunja," alisema Waziri.

Baraza likaanguka majini. Nitasema ukweli: nilifurahi mpaka nikaona haya. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mdiria mmoja alitua kwenye nguzo iliyobaki, akammeza samaki wake bila kumtazama mtu.

Jumatatu Mkurugenzi aliniletea ombi la kibali, amelijaza kwa mkono wake. Nililipokea kwa heshima zote, nikamweleza kwamba limepungukiwa na kitu kimoja tu: saini ya jirani mwenye kibali. Wako kumi na tisa, achague.