Kompyuta Arobaini na Moja kwa Kubonyeza Mara Moja

Jumatatu, 12 Mei 2025

Siku kubwa! Shefu wetu wa idara ya kompyuta, mzee Salvator, amestaafu na kurudi kwao Ngozi kufuga kuku. Kiti chake kiko wazi. Idara imebaki na watu wawili. Mimi, Valéry, miaka kumi na moja kwenye ofisi hii ya kupitisha mizigo forodhani. Na Mélissa, miezi minane. Hesabu ni nyepesi.

Lakini mkurugenzi wetu, Madame Caritas, hapendi hesabu nyepesi. Alituita saa tatu. Kuna programu mpya ya kujaza fomu za forodha, na kila kompyuta lazima iwe nayo kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kompyuta arobaini na moja, ghorofa tatu. Akasema ataangalia nani anaifanya kazi vizuri, kisha ataamua. Alipokuwa akisema hivyo aliniangalia mimi. Au saa ya ukutani iliyo nyuma yangu.

Mélissa akasema ataanza chini na kupanda juu, kompyuta moja moja, na flashi na daftari. Maskini! Nilikohoa nisicheke.

Mimi nimeona video. Bwana mmoja mwenye ndevu ameweka programu kwenye kompyuta elfu mbili bila kuinuka kitini, huku anakunywa kahawa. Anaisukuma kutoka kwenye seva, inapita kwenye nyaya za ofisi, inaingia yenyewe kila mahali. Nimeitazama mara tatu. Kahawa ninayo tayari.

Jumanne, 13 Mei

Password ya seva alikuwa nayo Mélissa. Nilijiandaa kwa vita. Nikatunga sababu nne. Akanipa mara moja, hata kabla ya sababu ya kwanza. Inaudhi.

Akanishauri nijaribu kwanza kwenye kompyuta moja, niiangalie siku nzima. Nikamshukuru kama mtu anavyomshukuru mtoto aliyemletea jiwe.

Alipotoka nikabadilisha password. Usalama! Usalama dhidi ya nani? Dhidi ya Mélissa. Password mpya ni nzuri sana. Sitaiandika hata humu.

Jumatano, 14 Mei

Nimeitayarisha programu kwa safari yake. Ina maswali mengi kama afisa wa mpakani. Unakubali? Ndiyo. Una uhakika? Ndiyo. Kwenye lugha ya kompyuta na kibodi nilikuta Kiingereza kimeshachaguliwa. Sisi hapa tunatumia Kifaransa. Lakini hata yule bwana mwenye ndevu alizungumza Kiingereza, basi nikaona nisivuruge mpangilio wa wataalamu.

Mélissa amemaliza kompyuta nane. Anapanda na kushuka ngazi kama fundi bomba.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefanya majaribio. Nani asemaye sisikii ushauri?

Nilimchagua Scholastique, sekretari wa Madame. Miaka ishirini na mitatu anachapa bila kuangalia chochote, huku akikusimulia harusi ya wifi yake. Sikumwambia. Alipoenda kunywa chai nikasukuma. Programu ikaingia! Kutoka kwenye kiti changu! Nilicheza kidogo, mlango ukiwa umefungwa.

Saa sita akaniita. Herufi zimeingiwa na wazimu, akasema. Barua aliyomwandikia bosi ilianza hivi: ":qdq;e Cqritqs". Akaapa kwamba aliandika "Madame Caritas" kama siku zote.

Tatizo nililiona haraka: uchafu. Nikageuza kibodi yake na kuitikisa. Kikaanguka kipande cha sambusa, kibanio cha karatasi, na hereni aliyoitafuta tangu Noeli. Alifurahi sana! Nikamletea kibodi nyingine. Hali ile ile. Basi nikamweleza kwa upole kwamba baada ya miaka ishirini na mitatu vidole huchoka, apumzike, ale karoti. Nikamhamishia kwenye kompyuta ya chumba cha pili, na pale akachapa vizuri kabisa.

Kwa hiyo, majaribio yamefaulu.

Jumatatu, 19 Mei

Mélissa yuko kwenye kompyuta ya ishirini na tatu. Watu wanampa ndizi. Mhasibu mmoja amempigisha picha na mtoto wake. Aliniuliza kama ningependa tugawane ghorofa ya juu. Nikakataa kwa adabu.

Nimemwalika Madame Caritas keshokutwa saa nne aje ashuhudie mwenyewe. Nimeandaa hotuba fupi. Mke wangu aliisikiliza jana yote na akasema ni fupi kweli, sehemu ya kwanza.

Nimeongeza kitu kimoja: baada ya kupokea programu, kila kompyuta itajizima na kujiwasha yenyewe, ili kazi ikae sawasawa. Na nimeweka mashini zote kwenye orodha, hata zile za Mélissa. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba nusu ni zake.

Jumatano, 21 Mei

Niandike tu.

Saa nne kamili. Madame amesimama nyuma ya kiti changu. Nikasema maneno yangu kuhusu enzi mpya. Nikabonyeza.

Kwenye orodha yangu alama za kijani zikajipanga arobaini na moja. Ofisi nzima ikanyamaza. Kompyuta zote zikazimika kwa pamoja. Kutoka kwa wahasibu kikapanda kilio kirefu: hawakuwa wamehifadhi kazi zao. Kisha zikawaka tena, moja baada ya nyingine. Madame akanipa mkono! Nikapiga funda la kahawa.

Saa nne na dakika sita. Watu wa mapokezi wanasema password zao zinakataliwa. Nikawaambia waandike polepole. Zikakataliwa polepole. Na ukikosea mara tatu, mashini inakufungia. Ilipofika saa nne na robo ofisi nzima ilikuwa imefungiwa, na watu wamesimama kwenye ngazi kama kwenye foleni ya petroli.

Nikakimbilia seva niwafungulie. Seva nayo ilikuwa kwenye orodha. Mimi ndiye niliyeiweka! Nikaandika password yangu. Imekataliwa. Nikaandika tena. Imekataliwa. Imebaki mara moja.

Hapo ndipo alipoingia Mama Mwavita, mteja wetu wa Uvira, anayepitisha nyanya mpakani Gatumba kila wiki. Lori lake lilikuwa uani, limejaa makreti, juani. Alitaka fomu yake. Nikamweleza habari za mtandao. Akasikiliza mpaka mwisho, akashuka, akarudi na kreti moja kichwani, akaliweka juu ya meza yangu.

"Papa, mi sina maneno na weye," akasema. "Lakini hii tomati haijue mambo ya mashini. Inajua jua tu. Uiambie weye."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

Sikuziambia nyanya chochote. Zilianza kunuka utamu ule wa karibu kuharibika. Mama Mwavita akanisimulia kwamba mwezi uliopita maji yalifunga njia Gatumba siku mbili, na nusu ya mzigo aliimwaga mtaroni kwa mikono yake. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nikafikiria kile kiti cha shefu. Kisha nikamfikiria yeye na mtaro. Kisha, nakiri, kiti tena, lakini kwa muda mfupi.

Nikaenda kumwita Mélissa.

Hakucheka. Hilo nalo sijamsamehe. Alimwomba Scholastique aandike jina lake kwenye kompyuta, yeye akatazama vidole kwanza, kisha kioo. Vidole viliandika Scholastique. Kioo kiliandika "Scholqstiaue". Mélissa akanigeukia na kuniuliza kama programu iliniuliza habari ya lugha. Nikatazama dari. Dari yetu inahitaji rangi.

Kumbe! Kibodi zetu ni za Kifaransa, na mimi nimeziambia kompyuta zote kwamba ni za Kiingereza. Ukibonyeza A, inakuja Q. Tarakimu zimegeuka alama. Hakuna password ya mtu yeyote inayoweza kuandikika.

Mélissa akachukua karatasi, akachora kibodi ya Kiingereza, akaja nayo kwenye seva. Akaniambia nimtajie password herufi moja moja, naye atanionyesha pa kubonyeza. Nyuma yetu walikuwa Madame Caritas, Scholastique, wahasibu wote, na Mama Mwavita. Nikawaomba watu watoke kidogo. Hakuna aliyesogea. Nikasema password yenyewe ni ndefu. Mélissa akasema muda upo. Mama Mwavita akasema muda apana.

"S," nikasema. "H. E. F. U."

"Shefu," akasema Madame Caritas. "Endelea."

"V. A…"

"Bonyeza Q," akasema Mélissa.

"L. E. R. Y."

"Shefu Valéry," akatangaza Mama Mwavita, kwa faida ya waliokuwa kwenye ngazi.

"Na namba moja mwishoni," nikasema.

Seva ikafunguka.

Mélissa akakaa kwenye kiti changu. Akarudisha Kifaransa kwenye kompyuta moja, ya Scholastique. Akangoja. Scholastique akachapa mstari mzima bila kuangalia, ukatoka safi. Ndipo Mélissa akasukuma kwa wote waliobaki, kwa kubonyeza mara moja, akafungulia watu password zao. Dakika kumi na mbili! Kwa njia yangu! Nikataka kuwakumbusha wote kwamba njia ni yangu, lakini hali ya hewa haikuruhusu.

Fomu ya Mama Mwavita ilitoka saa saba kasoro robo. Makreti mawili yalikuwa yameshalainika. Nikambebea lile la mezani mpaka kwenye lori, bila kuambiwa. Akanichagulia nyanya tatu zilizopasuka, akaniambia nizipike leo leo, apana kungoja kesho. Saa kumi akapiga simu mapokezi: amevuka.

Nyanya zilikuwa tamu.

Alhamisi, 22 Mei

Mélissa ndiye shefu. Madame Caritas alitangaza saa mbili na nusu, kwa sentensi moja. Hotuba yangu ilikuwa ndefu zaidi.

Nami nimepewa wadhifa. Nitazunguka kompyuta zote arobaini na moja, kwa miguu, na daftari. Kwenye kila meza nitauliza kama kila kitu kiko sawa, na nitaomba msamaha. Nimeandika juu ya daftari: Mkaguzi Mkuu wa Hali ya Mashini.

Ijumaa, 23 Mei

Nimezunguka. Magoti!

Wahasibu walinisimamisha nusu saa wakinionyesha kila kitu walichopoteza. Mmoja alikuwa amerudia jedwali lote usiku, nyumbani Kamenge, kwa kalamu. Nikakaa nikamsomea tarakimu na yeye akaandika. Tulimaliza saa sita.

Scholastique alininyooshea mikono yote miwili juu ya meza. Akaniomba nivikague vidole vyake, kama vimechoka. Nikasema havijachoka, mimi ndiye niliyekosea, na nikamwomba radhi kuhusu karoti. Akanivutia kiti. Nimesikia harusi ya wifi yake tangu mwanzo hadi mwisho, na sasa najua kwa nini bwana harusi alichelewa. Ni kisa kizuri kweli.

Miaka kumi na moja nimekuwa hapa, na sikujua kwamba ghorofa ya juu wana dirisha linaloona ziwa.

Nimejifunza. Naandika ili nisisahau. Kwanza, jaribu mahali pamoja tu, uangalie kinachotokea. Pili, mtu akisema kitu kimeharibika, mwamini. Tatu, kabla ya kubonyeza, uliza. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 26 Mei

Shefu Mélissa (mkono wangu unaandika wenyewe) ameniomba nipite kwenye kila meza nikawaambie watu kwamba Alhamisi ni sikukuu ya Kupaa, ofisi imefungwa, na kila mtu azime kompyuta yake kabla ya kuondoka. Ghorofa tatu tena! Kwa sentensi moja!

Nilikuwa nimeshashika daftari. Kweli nilikuwa nimesimama. Ndipo nikakumbuka kwamba ofisi ina printa kumi na nne, na zote ziko kwenye mtandao.

Printa si kompyuta. Haina kibodi. Haina password. Haiwezi kukosea lugha kwa sababu inachapa tu ulichoandika. Jambo kama hili halihitaji majaribio. Mélissa yuko mkutanoni na Madame, na kumsumbua shefu mpya kwa jambo dogo ni kukosa adabu.

Nimeandika tangazo zuri, herufi kubwa, na jina langu chini. Nikachagua printa zote. Kompyuta ikaniuliza nakala ngapi. Watu ni arobaini na mmoja, nikaandika arobaini na moja. Nikabonyeza. Zilikaa kimya, basi nikabonyeza tena. Kisha mara ya tatu, kwa uhakika.

Sasa nazisikia. Zimeanza zote kwa pamoja, ghorofa hadi ghorofa, mpaka meza yangu inatetemeka. Mtu analiita jina langu kutoka chini kwa sauti kubwa sana. Nadhani amepata nakala yake.