Intaneti Isiyo na Kikomo na Shemeji Asiye na Kikomo

Hell-Ville, Nosy Be
21 Juni 2019

Ndugu Meneja wa kampuni yetu ya intaneti,

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wako wote, hasa yule binti wa dirishani aliyenishawishi nilipie intaneti isiyo na kikomo. Mimi ni Tadjiddine, fundi cherehani. Nakuandikia kwa Kiswahili cha marehemu babu yangu kwa sababu barua zangu za Kifaransa na Kimalagasi zinasomwa na shemeji yangu Kouraichia. Yeye yuko Mahajanga, bara, mimi niko kisiwani Nosy Be, lakini anazisoma hapa hapa mezani kwangu. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Siku ya Idd mke wangu Chamsia alimpigia dada yake simu ya video ampe mkono wa Idd. Leo ni siku ya kumi na saba na simu haijakatwa. Wewe ni mtu wa mitambo, huenda adabu zetu huzijui. Mgeni haondoki bila kuaga, na mwenyeji akiagwa lazima akatae kwanza, aseme bado mapema. Sasa kwenye video kila mmoja ni mgeni na kila mmoja ni mwenyeji. Huyu akiaga, yule anakataa. Atakayekata atakuwa amemfukuza nduguye, na habari zitavuka ghuba ya Mahajanga mpaka Katsepy.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, inanitazama mimi. Daktari amenikataza sukari. Kila nikinyoosha mkono, kopo linasema: "Shemeji, hicho kijiko cha ngapi?" Nina miaka sitini na nne, na ninakunywa chai chungu nyumbani kwangu mwenyewe. Inaniuma.

2. Jumatano nililala kidogo mchana, nikaamriwa kutoka Mahajanga nigeuke ubavu kwa kuwa nakoroma. Walioniamuru walikuwa wanawake wanne. Watatu siwajui.

3. Jogoo wa shemeji akiwika, wangu anamjibu. Wangu amekonda, hana tena nafasi ya kula.

4. Wiki hii shemeji ameanza kupokea wateja wangu. Madi alileta kitambaa cha suruali. Akaambiwa rangi ile inamnenepesha, akaondoka nacho.

Nasikia kuna kampuni zinazowabana watu wanaotumia kupita kiasi. Wapo watakaokulaumu, watasema isiyo na kikomo ni isiyo na kikomo, na ahadi ni deni. Mimi nakusamehe ahadi hiyo, na nipo tayari kuweka sahihi. Hata bahari ina pwani. Nakuomba utubane, dakika kumi tu kwa siku, na picha iwe hafifu kiasi kwamba mtu hawezi kupambanua sukari na chumvi. Kama mitambo yako haiwezi kumbana mtu mmoja, basi ibane Mahajanga yote. Wakazi wake ni waungwana, wataelewa.

Wasalimie nyumbani kwako, mafundi wa mnara, na yule binti wa dirishani, ambaye sina kinyongo naye.

Ni mimi mteja wako mwenye adabu na kiu ya chai tamu,
Tadjiddine

Tanbihi, 24 Juni: Barua hii nilikuwa sijaileta kwako, lakini naona ulishanihurumia. Simu ilikatika yenyewe ile ile Ijumaa niliyoandika, katikati ya neno, pasipo yeyote kuaga. Nilikunywa chai ya vijiko vinne, nikalala mchana, nikakoroma nitakavyo. Leo asubuhi Kouraichia amepiga simu ya kawaida kutoka bandarini Antsahampano. Anangoja boti ijae ndipo ije huku, ana mabegi saba na jogoo. Anasema ndugu hawaachani bila kuagana, kwa hiyo anakuja kuaga mwenyewe. Chamsia ameshamjibu kwamba atamkatalia, bado mapema. Ndugu Meneja, nimefuta yote niliyoandika hapo juu. Fungua intaneti yote, sasa hivi, kabla boti haijajaa.