Sanduku la Soud Lililoona Maji Ndani ya Mafuta

Mtu akikujia mlangoni na kitu kinachoona usichokiona wewe, kitu hicho kiache. Mtazame yeye miguuni. Hilo watu wa kijiji cha Vitongoji walilijua mwaka wa hamsini na tisa, siku aliyoshuka Soud kwenye gari ya shamba, suruali imenyooka kwa pasi, na sanduku jeusi kwapani.

Hakuja kwa bahati. Jana yake, sokoni Chake Chake, alimsikia Bi Mwatum akimweleza mwenzake kwamba ana madebe manne ya mafuta ya nazi, kazi yake tangu mfungo wa Ramadhani, kwa ajili ya harusi ya binti yake Kazija Ijumaa ijayo. Lakini mvua ya mwaka ule haikuziacha nazi zikauke, na ingawa ameyachemsha mara ya pili, bado anaogopa yamebaki na maji. Katika maneno yote hayo Soud alisikia mawili tu: madebe manne, na anaogopa. Akalala usingizi wa mtoto.

Zamani Soud alifagia chumba kimoja Mombasa walimopimia mafuta ya kiwanda. Mlikuwa na mashine ya kweli mle, inayopitisha kwenye mafuta mwanga wa joto, huo Wazungu wauitao infraredi, na kalamu ikichora mstari kwenye karatasi. Penye maji mstari huporomoka kama bonde. Soud hakuondoka na mashine, iligharimu kuliko ukoo wake mzima; aliondoka na maelezo. Mengine aliyatengeneza mwenyewe: kopo la biskuti, tochi yenye kioo chekundu, saa mbovu ya kuvuta karatasi, na kalamu iliyofungwa uzi mweusi. Uzi ulitokea nyuma ya sanduku, ukapita chini ya mkeka, ukaishia kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kulia. Sayansi yote ilikuwa hapo kidoleni.

Barazani kwa Bi Mwatum walikusanyika wanawake wanane. Soud akavua kiatu kimoja, akasema kinambana, akaanza kueleza.

"Mwanga huu jicho haliuoni," alisema, na hapo hakudanganya. "Maji huumeza. Mafuta makavu huuacha upite."

Alipoinyoshea mkono chupa ya mafuta iliyochotwa madebeni, Bi Mwatum aliifunika kwa ukaya wake wa kichwani.

"Subiri, mwanangu. Kinachotazama mafuta yangu kwanza kiseme Mashallah. Yakitazamwa kimya yataharibika."

"Ntasema mie kwa niaba yake, Bi mkubwa."

"Kwani we ndiye unayetazama?"

Soud akajiinamisha juu ya sanduku. Kisha, midomo imefumba, akaitoa sauti tumboni, nyembamba kama ya mbu aliyesoma: "Mashallah."

Baraza ikatikisika. Na kwa kuwa sanduku limethibitika kuwa la Kiislamu, adabu ikataka liamkiwe. Bi Mwanamize alilijulia hali, akaliuliza habari za nyumbani na za wazee. Wa pili akafuata, na wa tatu, mpaka wote wanane. Soud alijibu kwa tumbo salamu baada ya salamu, jasho linamchuruzika, na kila akijikamua sauti kidole chake kiliruka. Kalamu ikachora mabonde manane, chupa ingali chini ya ukaya. Bi Mwatum aliyahesabu, kisha akakitazama kile kidole.

Chupa ilipoingia, likaja bonde moja refu kama kaburi.

"Maji," Soud akasema kwa huzuni. "Yatachacha kabla ya Ijumaa. Nipeni madebe yote niyakaushe kwenye mashine kubwa Chake. Alhamisi nayarejesha. Sitaki hata senti."

Kazija, aliyesoma skuli, alimtazama mama yake. Bila mafuta hakuna maandazi wala pilau, na watu wa Kiuyu, kwao bwana harusi, wangeusimulia wali mkavu mpaka kwa wajukuu.

"Yachukue," alisema Bi Mwatum.

Hapo ndipo adhana ya adhuhuri ilipotoka, na Mzee Mjaka wa msikitini akapita kuwakusanya wanaume. Soud akadai yeye msafiri.

"Umetoka wapi?"

"Chake."

"Chake ndiyo safari? Mke wangu huenda Chake kununua sindano."

Na udhu huosha miguu. Hakuna ujanja duniani wa kutawadha na uzi kidoleni. Soud aliufungua kwa siri, akausukuma chini ya mkeka, akaenda kutawadha. Nyuma yake Bi Mwatum alimnong'oneza Mzee Mjaka neno. Soud akadhani anaombewa dua.

Sala ilikwisha vizuri, lakini baada yake Mzee Mjaka alitoa darsa juu ya wanaopunja vipimo. Darsa lilikuwa refu, na kila Soud alipoinua goti mzee alimwona.

Aliporudi alikuta madebe yamefungwa kwa majani ya mgomba, tayari. Alichovya kidole katika kila moja, kikatoka kinang'aa mafuta. Akalitia sanduku kwapani bila kulifungua, akapanda gari akitabasamu mpaka kwa Bwana Msellem, mnunuzi wa mafuta wa Chake.

Msellem alichota juu, akachovya utambi, akawasha. Ukawaka bila kutatarika kama ufanyavyo penye maji. Soud akapanua kifua. Msellem akachukua bua la jani la mpapai, lililo wazi ndani, akalizamisha mpaka chini ya debe, akaziba tundu kwa kidole, akalitoa. Alionja, akatema.

"Yakhe, haya mafuta ya nazi au ya changu? Chini yote maji ya bahari."

"Mashine yangu haikuona maji," Soud alisema, sauti yenyewe ikitaka kurudi tumboni.

"Ifungue basi, tuipime macho."

Tochi haikuwamo. Kopo lilikuwa limeshindiliwa chicha ya nazi, na juu yake ile karatasi ya mabonde manane na lile refu. Chini ya bonde la mwisho, kwa mwandiko safi wa msichana wa skuli, paliandikwa: Mashallah, Bwana Soud.

Ijumaa watu wa Kiuyu walikula mpaka wakalegeza mikanda. Na Mzee Mjaka, ambaye darsa lake siku zote ni la dakika tano, tangu hapo huenda kuadhini alfajiri akimulika njia kwa tochi yenye kioo chekundu.