S Mbili na Filta Iliyohama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Injini ya dizeli imeingia. Pikapu yetu ilizaliwa ya petroli, lakini tangu leo saa nane ni ya dizeli, na wazo lilikuwa langu mimi Esnah. Fundi Ojwang ameifunga, na nusu ya watu wa hapa Nyakoe wamekuja kuangalia. Nilisimama karibu na boneti nimembeba Bosibori ili watu wajue gari ni la nani.

Shida ni moja tu, tena ndogo. Filta ya oili haitoshi. Mahali pake kwa injini panatazama chesisi, na nafasi iliyobaki ni finyu. Fundi akasema bila filta hawashi, uchafu utakula injini. Nikapima nafasi kwa kikombe cha uji cha Bosibori. Kinaingia. Nikamwambia basi tutafute filta ya ukubwa wa kikombe. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anafikiria.

Lazima pikapu itembee Ijumaa. Samsam, mwenye stoo ya ndizi kule Kebirigo, anataka gari moja la kumletea ndizi kutoka Ogembo kila wiki. Atakayefikisha mzigo Ijumaa kabla hajafunga stoo kwenda kuswali, kazi ni yake. Tukiipata, Baba Bosibori ataacha kulinda geti la watu Nairobi, aje aendeshe gari lake mwenyewe. Bosibori ana mwaka mmoja na miezi miwili. Akisikia neno baba, anaangalia simu.

Jumanne, 10 Juni

Filta ya ukubwa wa kikombe ipo. Nimeipata Kisii mjini, ya gari dogo sana. Muuzaji aliniuliza ni ya injini gani. Nikamtolea kikombe.

Haikushika hata uzi mmoja wa skrubu yake. Fundi akasema hata ingeshika, mkono wa kuikaza ungepitia wapi. Nikamwonyesha mkono wa Bosibori, ni mwembamba. Akasema, Mama Bosibori, huyo hajaandikwa kazi hapa.

Wakati huo huo Adhis, naye mbeba mizigo, akapita na pikapu yake. Filta yake iko pale kiwanda kilipoiweka, na hiyo ndiyo sifa yake yote. Alipunguza mwendo, akauliza kama tunatengeneza gari au tunapika uji, maana anaona kikombe juu ya injini. Na yeye anaitaka kazi ya Samsam. Nikamwambia tutaonana Kebirigo. Akasema sawa, atanipungia mkono akiwa anarudi.

Jumatano, 11 Juni

Wazo kubwa. Kama filta haitoshi pale, ihame!

Fundi anasema wazo hilo alikuwa nalo tangu Jumatatu, ila nilikuwa naongea. Sitaki kubishana na mtu anayenifanyia kazi. Mpango ni huu. Pale filta ilipotakiwa kukaa, anafunga sahani nene ya chuma yenye matundu mawili. Paipu moja inatoa oili kwa injini na kuipeleka kwa filta. Paipu ya pili inairudisha ikiwa safi. Filta yenyewe inakaa juu, kando ya betri, mahali hata mimi naifikia nikiwa na mtoto mgongoni.

Paipu nilileta mimi. Ni ya bomba la mama mkwe la kunyunyizia dawa. Fundi aliifinya kwa vidole viwili akasema oili ikipata moto hii itakuwa ugali. Akaenda mwenyewe kwa watu wanaotengeneza paipu za trekta. Ile ya mama mkwe nimeirudisha kabla hajajua. Sasa ni fupi kidogo kuliko ilivyokuwa, lakini na yeye si mrefu.

Alhamisi, 12 Juni

Baba Bosibori amepewa ruhusa. Atafika kesho alfajiri. Nimefua kila kitu.

Leo fundi alikuwa chini ya gari na mimi juu. Amefunga paipu mbili kwa sahani. Zote nyeusi, zote unene mmoja. Akaniambia kutoka chini niziwekee alama: hii ya kwanza oili inatoka, hii nyingine inaingia. Kazi ya kalamu ni yangu, mimi nilifika darasa la nane na mwandiko wangu ulisifiwa. Nikabandika plasta, nikaandika herufi moja moja, kubwa, safi. Niliandika kwa Ekegusii, maana lugha ya nyumbani haikosei. Moja S. Nyingine S. Zimependeza hata nimezipiga picha.

Halafu fundi akafunga paipu zote mbili pamoja na kuzizungushia turubai zisiungue. Kilichobaki nje ni ncha mbili na plasta zangu.

Ijumaa, 13 Juni

Baba Bosibori alifika na mkate. Bosibori alimwangalia kutoka viatu hadi kofia, kisha akajificha kwa leso yangu. Hakulia. Ni mwanzo mzuri.

Saa kumi na mbili tulikuwa kwa fundi. Akashika ncha za paipu, akasoma plasta, akauliza S ni nini. Nikamwambia ni soka, yaani kutoka. Akauliza na hii S nyingine. Nikamwambia hiyo ni soa, yaani kuingia. Ojwang ni Mjaluo wa Homa Bay. Akamwuliza Baba Bosibori kama huku kwetu tuligawiwa herufi moja tu. Baba Bosibori akasema yeye ametoka safari.

Nikatoa picha kwa simu. Picha ilionyesha S na S.

Fundi alitaka kufungua turubai azifuate paipu kwa mkono. Nikasema hapana, tutachelewa, nakumbuka vizuri: S ya soka ina mkia. Zote zilikuwa na mkia. Nikachagua yenye mkia mzuri zaidi.

Akawasha. Taa nyekundu ya oili ikabaki inawaka. Fundi alizima kabla sijamaliza kupiga makofi. Akasema oili imeenda kubisha hodi kwa filta kupitia mlango wa nyuma, na mlango huo haufunguki. Angechelewa kuzima, leo tungekuwa tunauza vyuma. Turubai ikafunguliwa. Paipu zikabadilishana. Oili ikamwagikia shati la Baba Bosibori, lile nililolifua jana. Saa tatu na nusu taa ikazimika, na fundi akakaa robo saa nzima akitafuta tone chini ya gari. Hakuna. Gari ni zima.

Ogembo tulikuta akina mama wamekalia ndizi zao wakitusubiri, tukapakia. Kebirigo tulifika saa saba, tukakuta kufuli. Adhis alikuwa ameketi juu ya boneti yake, gari tupu, anamenya ndizi. Alinipungia mkono. Akamwuliza Baba Bosibori kilichotuchelewesha, na Baba Bosibori hajui kudanganya, akamweleza yote. Adhis alicheka mpaka akashuka kwa boneti. Sasa gari letu linaitwa SS. Mimi naona ni jina zuri, hata la kuandika nyuma.

Samsam aliporudi kutoka kuswali, akasema Ijumaa ni ya Adhis, neno ameshalitoa. Niliinamisha kichwa. Kisha akapanda juu ya mzigo wetu, akageuza ndizi moja moja, hakuona hata moja iliyochubuka. Akasema basi atazichukua, na tujaribu na Jumanne. Mara moja tu, mama. Tukichelewa tena, anatafuta mwingine.

Nyumbani Baba Bosibori alisema Jumanne ikienda vizuri, Nairobi harudi. Nikamwambia Bosibori, huyu ndiye baba. Alitambaa akachukua simu yangu, akampelekea. Baba yake akaiweka sikioni akasema haloo. Ndipo mtoto akacheka.

Jumapili, 15 Juni

Jana ilikuwa Sabato, hatukugusa spana. Leo tuko kazini. Fundi amegundua filta nyingine, ile ya dizeli, iko karibu mno na ekzosi, bomba la moshi. Nayo ihame kabla ya Jumanne. Paipu ni mbili tena, nyeusi tena. Moja inapeleka dizeli kwa injini, nyingine inarudisha kwa tangi ile inayobaki.

Fundi alitaka kuweka alama mwenyewe. Nikasubiri aende kunywa chai, nikachukua kalamu. Kosa la Ijumaa nimelielewa kabisa: niliandika Ekegusii na fundi haelewi Ekegusii. Leo nimeandika Kiswahili, lugha ya kila mtu. K ya kwenda. K ya kurudi.

Turubai nimeifunga mwenyewe, mafundo saba, ili Jumanne kitu kisitucheleweshe.