Uzinduzi wa Jumba la Neno Nusantara

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mkuu wa Tarafa, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Pazia, Pak Imamu, kina Bu, mama zetu wa zamu ya jikoni, na Mheshimiwa mimi mwenyewe, Sastro, Lurah na mkuu wa kijiji hiki mwaka wa kumi na tisa sasa, niliyeishia darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikwisha kunifundisha yote. (Vicheko.)

Leo, mbele ya pazia hili la kijani, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi niliousaini bila kuusoma, nazindua Jumba litakaloufundisha ulimwengu kwamba nusa ni kisiwa, na antara, kwa Kijava cha mababu, ni kwingineko, maana wakubwa wa enzi hizo walisimama hapa Java wakanyoosha kidole baharini wakasema Nusantara, yaani visiwa vya kule kwa wenzetu, sisi hatumo, mpaka karne nyingi baadaye neno likatanuka likatufunika sote. Na kidole hicho, kwa utafiti wangu binafsi, kilinyooshwa kutoka shamba hili hili. (Makofi. Bu Ngatinem, mwenye shamba: “Kidole cha nani, Pak? Miaka minne naambiwa nisipande, msingi unakuja. Nimepanda karanga hivyo hivyo.”)

Swali zuri, Bu, limo ukurasa wa tisini wa ripoti, ambapo utekelezaji umefikia asilimia mia na nne, vyumba arobaini, na ngazi ya kidijitali. (Bu Ngatinem: “Kesho siku ya kuvuna. Nang’oa, au watu wako watanifukuza tena?” Mtu anakohoa.)

Mimi Sastro sirudi nyuma. Nimesema jumba, ni jumba. Semeni nami: Neno letu. (Neno letu.) Jumba letu. (Liko wapi?)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru mafundi, ambao hatujawatafuta bado. Namshukuru Bu Ngatinem kwa karanga za kuchemsha mnazotafuna tangu asubuhi, maana zote zimetoka ukumbi mkuu, upande wa dirishani. Kwa hiyo kilele cha mlima huu wa wali wa manjano, anachopewa mgeni wa heshima, nampa yeye. Pokea, Bu. Na kesho kang’oe vyumba vilivyobaki, hakuna atakayekugusa.

Jamani, shusheni pazia. Ni shuka langu, mke wangu analitaka.