Bosi wa Zamani

Katika mji ule kila mgeni aliulizwa swali moja: hapa nchini umewahi kufanya kazi wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu, na hapo ndipo Mheshimiwa, mgeni kama wao, alipoiona riziki yake. Akajigeuza bosi wa zamani. Ukitua leo na sanduku lako, kesho yeye yuko kwenye simu, anakohoa kikubwa na kumweleza mwajiri jinsi ulivyomtumikia miaka mitatu bila kuchelewa. Malipo yalitangulia, la sivyo bosi asingekukumbuka.

Tuseme kweli, kipaji alikuwa nacho. "Sifa tupu zinanuka uongo," aliwaambia wateja wake. "Lazima niweke kasoro moja, ndogo, ya kuaminika."

Sasa yakamfika na yeye. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinaisha Ijumaa, na uhamiaji walitaka barua ya ajira ya kweli. Akiikosa, anarudi nyumbani, ambako mama yake ameshautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe ni mkurugenzi. Hoteli moja ilitafuta mfuaji. Mheshimiwa hakuwahi kufua hata soksi, lakini hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba hawezi kukaa mbele ya meneja na hapohapo akapokea simu ya meneja.

Akamwendea dada mmoja wa kwao, mpole wa kusema. Miezi miwili nyuma dada huyu alimlipa, kisha akaikosa kazi kwa sababu siku aliyopigiwa, bosi wa zamani alikuwa amelala fofofo.

"Dada, nisitiri. Wakikupigia, wewe ndiye uliyeniajiri. Una kiwanda cha kufulia."

"Kikubwa?"

"Kikubwa. Wasubirishe kidogo, ongea taratibu, na usisahau kasoro."

"Ya kasoro naikumbuka, mdogo wangu," akasema dada, akikunja nguo zake. "Wape namba yangu."

Alhamisi, katika chumba cha chini cha hoteli, meneja alipiga simu mbele ya Mheshimiwa na kuweka spika. Dada akawasubirisha kwanza. Kisha akamsifu Mheshimiwa mpaka mwenyewe akajionea fahari.

"Kasoro yake?" akauliza meneja.

"Moja tu. Nisiposimama nyuma yake, hafanyi kitu."

Mheshimiwa akacheka kidogo, kama mtu aliyezoea utani wa bosi wake. Meneja hakucheka.

"Ulikuwa na wafanyakazi wangapi?"

"Arobaini. Wote walinyooka."

"Na kiwanda bado unacho?"

"Nimekifunga, mwanangu. Lakini kusimamia naweza bado."

Meneja akatazama rundo la mashuka lililoziba dirisha. Msimamizi wake alikuwa ameacha kazi Jumatatu. Akamgeukia Mheshimiwa.

"Nawachukua wote wawili, au simchukui yeyote. Niambie kweli, huyu mama anajua kazi?"

Mheshimiwa akaifikiria Ijumaa. Akamfikiria mama yake na ukoo. Roho ilimuuma, lakini akakohoa kikubwa.

"Sijaona kama yeye," akasema. "Miaka mitatu, hakuchelewa hata siku moja."

Ndivyo alivyoitoa, kwa kuchelewa miezi miwili, ile sifa aliyokuwa amelipwa.

Ijumaa asubuhi zilitoka barua mbili. Msimamizi mpya akaingia na funguo kiunoni, akavuta kiti karibu na beseni, akaketi, akamkabidhi Mheshimiwa aproni.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole uleule, "anza na soksi."